Maji yamepanda Rumonge, lakini tope la ziwa linakumbuka ukame

RUMONGE. Kwa mfanyabiashara wa ndagala na mawese, ufuko wa Ziwa Tanganyika umekuwa mali isiyoaminika. Pale alipoanika samaki miaka michache iliyopita, maji yamefika magotini. Kibanda alichokijenga karibu na mwalo ili asilipe wapagazi mara mbili kimehamishwa nyuma, au hakipo tena. Kutoka Gatumba, mpakani na Congo, hadi Bujumbura, Rumonge na kusini zaidi, ziwa lilianza kusogelea nyumba na biashara za watu mwishoni mwa muongo uliopita. Aprili 2024 serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba mvua na mafuriko ya msimu ule yalikuwa yamewaathiri watu zaidi ya 200,000 nchini.

Katika hali hiyo, kumweleza mtu wa Rumonge habari za ukame ni kama kumtania. Hata hivyo, wanajiolojia waliolichunguza ziwa hili kwa zaidi ya miaka 60 wanarudi kila mara na habari ileile: ziwa hupanda na kushuka, na vipindi vya ukame vilivyolishusha vilikuwa vikali kuliko chochote alichokiona mtu aliye hai. Kwa anayetaka kujenga ghala, kukopa fedha za kununua boti au kulipia nafasi kwenye gati, habari hiyo si ya darasani. Ni hesabu ya mtaji.

SOKO LILILOINGIA MAJINI

Si mara ya kwanza soko la ziwa hili kumezwa. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipanda mtumbwi Ujiji wakaelekea kaskazini, wakiambaa na ufuko ambao leo ni wa Burundi. Walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia. Jiwe la kumbukumbu lililoko Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, ni la safari hiyo.

Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, alishangaa. Miti mitatu aliyoiacha imesimama katika uwanja wa soko miaka mitano kabla, sasa ilikuwa ndani ya ziwa.

Maji yale yalikuwa hayana pa kutokea. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alikuwa ameutambua mto Lukuga, penye mji wa Kalemie wa leo, kuwa ndio mlango wa ziwa upande wa magharibi. Lakini Stanley alipoufikia alikuta mdomo wake umezibwa kwa tope na mafunjo, na maji karibu yamelala. Miaka michache tu baadaye kizuizi kilivunjika. Joseph Thomson alipofika hapo mwishoni mwa 1879 aliukuta Lukuga ukikimbia kwa nguvu kuelekea bonde la mto Congo. Hadi katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kiasi cha mita kumi hivi. Mmisionari Edward Coode Hore, aliyekuwa akiishi Ujiji wakati huo, aliona ufuko ukirudi nyuma mwaka hadi mwaka.

Mita kumi ni kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Kupanda kunakowasumbua watu wa Rumonge leo ni kwa mita chache tu.

Swali linalowavutia wanajiolojia ni hili: kwa nini mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa? Mto unaotoka ziwani kila siku haujizibi wenyewe. Huzibwa pale ziwa linaposhuka chini ya kizingiti chake na kukaa huko kwa muda mrefu, vijito vya jirani vikaleta udongo, mimea ikaota, na hatimaye mlango ukawa shamba la mafunjo. Kwa maneno mengine, mafuriko aliyoyaona Stanley mwaka 1876 yalikuwa mtoto wa ukame uliotangulia. Utafiti wa magamba ya chokaa yaliyoota kwenye mawe ya ufukoni, uliochapishwa na Andrew Cohen na wenzake mwaka 1997, nao ulionyesha kwamba katika karne zilizotangulia safari za Wazungu hao ziwa lilikuwa na vipindi virefu vya kina cha chini.

ZIWA LINALOKUNYWEWA NA JUA

Anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge, zaidi ya kilomita 70 kwa barabara, hupita katika ukanda wa Imbo. Ndio ukanda wa chini kabisa Burundi na wenye joto kuliko yote; upande wake wa kaskazini, katika uwanda wa Rusizi, ndio mkavu zaidi. Milima ya Mumirwa inayoonekana upande wa mashariki hupata mvua nyingi, lakini uwanda ulio chini yake hupata kidogo. Rumonge ina nafuu, ndiyo maana michikichi imeshika, lakini kiangazi cha kuanzia Juni kinajulikana kwa kila mwenye bustani.

Uwanda huo na ziwa ni ndugu wa tumbo moja. Ardhi hapa inapasuka na kuzama tangu zamani sana, miaka kati ya milioni 9 na milioni 12 kwa makadirio ya wengi, na shimo lililojaa maji ndilo Tanganyika: urefu wa kilomita zaidi ya 670, kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Sehemu iliyojaa udongo badala ya maji ndiyo uwanda wa Rusizi. Kampuni ya mafuta ya Amoco ilichimba visima viwili katika uwanda huo miaka ya 1980. Haikupata mafuta ya kuuzwa, ila ilipita katika tabaka nene za mchanga na tope zilizoachwa na mito na ziwa.

Mtu akiona wingi wa maji haya hudhani ni akiba isiyoisha. Lakini hesabu ya ziwa ina udhaifu mmoja mkubwa. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za maji yanayoondoka Tanganyika hayapiti Lukuga; yanapanda hewani kwa jua na upepo. Na sehemu kubwa ya yanayoingia si ya mito, bali ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua ikizidi kidogo kwa miaka kadhaa, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ziwa hupanda na kuvamia fukwe. Mwaka 1964 lilifikia kimo ambacho wazee wa pwani hii bado wanakisimulia. Mvua ikipungua kidogo kwa miaka kadhaa, jua haliachi kunywa. Katika ukame wa 2005 na 2006 ulioikumba Afrika Mashariki, Tanganyika lilishuka pia, na walioingia katika biashara ya boti miaka ile watakumbuka fukwe pana kuliko hizi.

DAFTARI LILILO CHINI YA MAJI

Kumbukumbu za watu na vitabu vya wasafiri zinarudi nyuma miaka 150. Tope linarudi nyuma zaidi.

Katika sehemu ya kaskazini ya ziwa, inayotazamana na Burundi, maji yaliyo chini ya mita mia moja hivi hayana oksijeni. Samaki hawaishi humo, wala minyoo ya kuvuruga tope haimo. Kinachodondoka sakafuni hukaa kilipodondoka. Wakati wa mvua mito huleta udongo mweusi; wakati wa kiangazi upepo wa kusi huchafua maji, vimelea vidogo vyenye ganda kama kioo huongezeka, na vikifa huacha tabaka jeupe. Jeusi, jeupe, jeusi, jeupe. Ni kama daftari la mwenye duka mwangalifu, ambaye haachi siku bila kuandika.

Wa kwanza kulifungua daftari hilo kwa kutoa nguzo za tope alikuwa Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1965. Jina lake lisimchanganye msomaji na yule wa Ujiji. Miaka ya 1980 chuo hichohicho kilipitisha meli yenye vyombo vya kusikiliza mwangwi, kikachora tabaka zilizo chini ya sakafu ya ziwa. Kisha ukaja Mradi wa Nyanza uliokuwa na kituo chake Kigoma, ambao tangu 1998 uliwafundisha kwa pamoja vijana wa Kiafrika na wa Kimarekani kuteremsha bomba ziwani na kulirudisha limejaa tope.

Nguzo moja maarufu ilitolewa mwaka 2004 karibu na Kalya, kusini mwa milima ya Mahale. Tope lake lilibeba miaka 60,000. Jessica Tierney na wenzake walilisoma kwa njia ambayo mchuuzi yeyote wa mawese wa Rumonge anaweza kuielewa. Asubuhi ya baridi mawese huganda ndani ya dumu. Jua likipanda hulegea. Viumbe vidogo sana waishio ziwani nao wana mafuta mwilini, na huyabadilisha muundo kufuatana na joto la maji ili yasigande wala yasiyeyuke. Viumbe hufa, mafuta hubaki topeni, na maabara huyapima kama kipimajoto cha zamani. Kwa mvua walitumia nta inayofunika majani ya miti: haidrojeni iliyomo humo hutofautiana kati ya miaka ya mvua nyingi na miaka mikavu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha ukame ukija na kuondoka, mara nyingine kwa ghafla, na mara nyingi ukiambatana na nyakati za baridi kali katika nchi za kaskazini ya mbali. Mwaka huohuo Michael McGlue na wenzake, wakiwamo Evelyne Mbede na Hudson Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitumia ile michoro ya mwangwi kutafuta fukwe za kale zilizozama. Waliona kwamba wakati wa baridi kuu ya dunia, miaka 20,000 hivi iliyopita, ziwa lilikuwa chini ya kimo cha leo kwa takriban mita 260. Na zaidi ya miaka 100,000 iliyopita lilishuka kwa takriban mita 435.

Ukitoa mita 260 kwenye maji ya leo, sehemu kubwa ya ghuba ya Bujumbura inakuwa nchi kavu, kama mwendelezo wa uwanda wa Rusizi. Lukuga hautoki. Boti la Uvira halina pa kwenda.

Hakuna mtaalamu anayesema hali hiyo inakuja kesho. Mabadiliko ya mamia ya mita yalichukua maelfu ya miaka. Kinachomhusu mfanyabiashara ni kile kidogo: mita mbili, tatu, au kumi, kama ile ya wakati wa Hore, ambayo mtu mmoja aliweza kuishuhudia mwanzo hadi mwisho.

NDAGALA NA JOTO

Daftari lina ukurasa mwingine, na huu unagusa bei sokoni moja kwa moja.

Mwaka 2003 timu mbili tofauti, moja ya Catherine O'Reilly na nyingine ya Piet Verburg, zilitangaza kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto katika karne ya ishirini. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya chini bila kuchanganyika. Mbolea ya ziwa imo chini. Upepo usipoweza kuipandisha, vimelea hupungua, ndagala wanaovila hupungua, na mukeke wanaokula ndagala nao hupungua. O'Reilly alikadiria kwamba uzalishaji wa chakula hicho cha msingi ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba jambo hilo lingeweza kumaanisha upungufu wa asilimia 30 hivi wa samaki.

Wengi walibisha: si joto, ni nyavu. Ubishi huo ulikuwa na msingi, kwa sababu tangu miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki wa Usumbura, Bujumbura ya leo, walileta nyavu kubwa za kuzungushia, na tangu hapo vyombo vimeongezeka bila kukoma. Tope likaitwa kutoa ushahidi. Mwaka 2010 Tierney alionyesha kwamba joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya ishirini lilikuwa halijapata kuonekana kwa miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 2016 Cohen na wenzake wakahesabu mifupa, meno na magamba ya samaki katika tabaka za tope, wakakuta kwamba upungufu ulianza kabla Wagiriki hawajafika. Nyavu zimezidisha tatizo. Hazikulianzisha.

Ndiyo maana kufunga uvuvi kwa miezi michache, jambo ambalo nchi za ziwa zimekubaliana, kunawapa samaki nafasi ya kuzaana lakini hakupoozi maji. Tanzania ilipofunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wafanyabiashara wa Kigoma walijua tarehe ya kufungua tena. Joto la maji halina tarehe kama hiyo.

Lipo na tope la aina nyingine, lile la vilimani. Nguzo zilizotolewa mwaka 1998 mbele ya midomo ya mito ya Burundi na Tanzania zilionyesha mahali ambapo mashamba yamepanda miteremkoni na udongo ukaanza kuteremka kwa kasi. Mfano ulio wazi zaidi wanaupita kila siku watu wa boti za Kigoma: ndani ya hifadhi ya Gombe msitu upo na tope ziwani ni kidogo, Mwamgongo, kijiji kilicho ng'ambo tu ya mpaka wa hifadhi, msitu ulikatwa na tope likaongezeka. Maji ni yaleyale, mvua ni ileile. Mito ya Rumonge inayoshuka Mumirwa ikiwa myekundu baada ya mvua moja inaeleza iko upande upi.

MTO MMOJA, MATAKWA MAWILI

Mwanzoni mwa karne hii, ziwa lilipokuwa likishuka, upande wa Tanzania ulisikika ukitaka banio lijengwe Lukuga ili maji yasiendelee kuondoka. Maji yalipopanda, upande wa Burundi zikasikika sauti zikitaka mdomo huohuo uzibuliwe ili yatoke kwa wepesi. Mto ni mmoja, upo Kalemie, ndani ya Congo, na haujui ni mwaka gani usikilize nani.

Mahali pa kuongelea jambo hilo papo. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura, chini ya mkataba uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Congo, Tanzania na Zambia. Tangu Congo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nchi tatu kati ya hizo nne zimo katika soko moja. Forodha zinazungumziwa, vituo vya pamoja vya mpakani vinajengwa, barabara ya kutoka Rumonge hadi Gitaza na ile ya Kasulu hadi Manyovu ziliwekwa katika mpango mmoja wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018. Kimo cha ziwa, ambacho ndicho kinaamua boti ifunge wapi, hakijapata kelele ya kiasi hicho. Banio likijengwa kwa hofu ya ukame litawazamisha wa Gatumba mvua zikirudi. Likizibuliwa kwa hofu ya mafuriko, magati yataning'inia juu ya mchanga mvua zikikata.

Juni 2019 watafiti walikutana Dar es Salaam kupanga kuchimba kwa kina zaidi chini ya sakafu ya ziwa, wafikie tope la mamilioni ya miaka. Itakuwa kazi ya gharama kubwa na ya miaka mingi, na yanayotafutwa humo ni mambo ya kale kuliko binadamu mwenyewe. Kwa mwenye ghala Rumonge, vipimo vya kila siku vya mvua na vya kimo cha maji, ambavyo Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, hushughulika navyo, vina faida ya karibu zaidi, iwapo vitawafikia watu wa mwaloni kwa lugha wanayofanyia biashara.

Sheria tayari imeweka mstari. Kanuni ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Wengi waliuona mstari huo kama usumbufu wa ofisini, mpaka maji yalipokuja yenyewe kuupima.

Ila mita 150 si bure. Gunia la ndagala likitoka botini likipelekwa nyuma ya mstari, linabebwa mara mbili: jioni kupanda ghalani, alfajiri kushuka tena kwa boti la Baraka au Uvira, na kila mara mpagazi analipwa. Mama mwenye magunia kumi anazijua faranga hizo kwa kichwa. Anazipima na bei ya magunia yaliyolowa mwaka ule maji yalipoingia usiku, na kila mwanzo wa msimu wa mvua anaipiga hesabu hiyo upya.